Mkebe Mmoja, Sahani Nne: Tuna Anavyoweza Kuingia Jikoni Kibabii Bila Kutoboa Mfuko

Bei ya mkebe wa tuna humtisha mwanafunzi kabla hajaugeuza kuusoma. Katika maduka mengi nchini Kenya, mkebe mdogo wa gramu 170 hupita shilingi 200, na kwa pesa hizo mtu wa Kibabii anaweza kubeba mayai, nyanya, vitunguu na fungu la sukuma wiki, akarudishiwa chenji. Ndiyo maana mkebe huo huonekana kuwa chakula cha mtu aliyepokea pesa za mkopo wa HELB jana, au cha msafiri asiye na pa kupikia.

Sifa hiyo inatokana na jinsi unavyoliwa. Mtu hufungua mkebe, huchukua kijiko na kumaliza samaki wote na vipande viwili vya mkate, kisha hulalamika kwamba tuna ni ghali na hashibishi. Atakuwa amesema kweli. Tuna wa mkebe ni ghali akiliwa na mtu mmoja peke yake. Akiwekwa kwenye sufuria ya maharage, viazi au mboga za kienyeji na kupikiwa watu wanne, hesabu hubadilika. Makala haya ni ya hesabu hiyo, pamoja na mapishi yake.

Jiko lililo chini ya kamba ya nguo

Chuo Kikuu cha Kibabii kilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kikapewa hati ya kujitegemea mwaka 2015. Kipo nje kidogo ya mji wa Bungoma, upande wa barabara inayoelekea Chwele, mahali palipokuwa pakijulikana zaidi kwa misheni ya Kikatoliki na Shule ya Upili ya Wavulana ya St. Mary's Kibabii. Wanafunzi walipoongezeka, ploti za kupangisha nazo ziliota kati ya mashamba ya mahindi na miwa.

Chumba kimoja kwenye ploti hizo ni chumba cha kulala, maktaba na jikoni kwa wakati mmoja. Mtungi wa gesi wa kilo 6 uko pembeni mwa mlango, sufuria mbili zimefunikana juu yake, ndoo ya maji iko kando, na juu ya vyote hivyo kuna kamba iliyotundikwa koti, shati la kesho na taulo. Katika chumba cha namna hiyo, harufu ya chakula ni jambo zito kama ladha yake. Aliyewahi kukaanga omena saa mbili za usiku dirisha likiwa limefungwa kwa sababu ya mbu anajua kwamba asubuhi ataingia darasani na shombo.

Tena hakuna friji. Nyama robo kilo ikinunuliwa leo sharti ipikwe leo. Samaki mbichi hana subira hata ya saa chache. Kwa mpishi wa chumba kimoja, chakula kinachoweza kukaa chini ya kitanda muhula mzima bila kuharibika kina thamani ambayo haionekani kwenye bei ya dukani.

Magharibi ina samaki wake

Haifai kuzungumza juu ya tuna kana kwamba watu wa Bungoma na Kitale hawakuwa na samaki. Soko la Bungoma hupata samaki wa Ziwa Victoria kupitia mialo ya Busia kama vile Port Victoria na Sio Port. Kuna omena, ngege, mbuta na, kwa wanaompenda, kamongo. Kitale nayo ni lango la barabara ya Lodwar, na kwa miaka mingi samaki wakavu wa Ziwa Turkana wamekuwa wakiteremshwa kupitia huko.

Wafugaji wa samaki nao wapo. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kufufua uchumi ulionuia kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140 yaliyoshirikishwa, na mabwawa mengi yakachimbwa magharibi mwa nchi. Chwele kuna shamba la samaki linaloendeshwa na serikali ya kaunti. Kwa hiyo mkebe wa tuna unapowasili Kibabii, unamkuta samaki wa ziwa na wa bwawa ameshakaa mezani.

Shida ya samaki wa maji baridi ni kwamba hutegemea msimu, barafu na barabara. Kwa kawaida uvuvi wa omena ziwani hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane, na upungufu wake huonekana sokoni. Barafu ina historia yake pia. Kule Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, wafadhili kutoka Norway walijenga kiwanda cha kugandisha samaki kilichokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Kugandisha samaki katika joto la jangwani kulihitaji umeme na maji safi kwa wingi, na gharama ikaushinda mradi. Waturkana waliendelea kumkausha samaki juani, kama walivyofanya tangu zamani, na samaki huyo mkavu ndiye aliyeendelea kufika Kitale.

Funzo la Kalokol ni kwamba, mbali na ziwa na bahari, samaki anayeshinda ni yule asiyehitaji baridi. Omena mkavu ni mmoja wao. Wa mkebe ni wa pili.

Kutoka bahari kuu hadi rafuni

Tuna tunayemnunua madukani ndiye jodari wa watu wa Mombasa, Lamu na Unguja, au nduguze wa karibu. Pwani hukaangwa, huchomwa, hutiwa kwenye mchuzi wa nazi na kwenye biriani. Kutoka Mombasa hadi Bungoma ni karibu kilomita 900, na jodari mbichi hawezi kuzimaliza zote akiwa salama bila barafu ya kutosha.

Mikebe mingi inayouzwa duniani hutoka Thailand, nchi inayoongoza kwa kuuza tuna wa mkebe nje. Jirani yetu wa karibu katika biashara hiyo ni Ushelisheli, ambayo ina kiwanda kikubwa sana cha kusindika jodari katika bandari ya Victoria. Ni ajabu ndogo ya ramani: omena wetu hutoka Port Victoria ya Busia, na jodari wa mkebe huenda akatoka Victoria ya Ushelisheli.

Kiwandani, samaki aliyegandishwa meli ikiwa baharini huyeyushwa, hupikwa kwa mvuke, kisha wafanyakazi humwondoa ngozi, miba na nyama nyeusi. Minofu huwekwa kwenye mkebe, hutiwa mafuta au maji ya chumvi, mkebe hufungwa kabisa, halafu hupikwa tena kwa joto la mvuke lenye mgandamizo, la kupita nyuzi 110. Joto hilo ndilo linaloua vijidudu na kuuwezesha mkebe kukaa miaka bila friji. Kwa mpishi, maana yake ni moja: samaki huyu ameshapikwa mara mbili kabla hajafika kwako. Tutarudi kwenye jambo hilo jikoni.

Wazo lenyewe la kuhifadhi chakula kwa joto na kukifunga pasiingie hewa lilitangazwa na Mfaransa Nicolas Appert mwaka 1810, na mwaka huohuo mikebe ya bati ikapata hataza Uingereza. Tuna alichelewa kuingia humo. Ilikuwa mwaka 1903, huko San Pedro, California, ambapo kiwanda kilichokuwa kimekosa sadini kilijaribu kusindika jodari mweupe. Nyama yake ikatoka nyeupe, laini, isiyo na shombo kali, na Wamarekani wakaifananisha na kuku. Kampuni moja ikafikia hatua ya kuuza tuna wake kwa jina la Chicken of the Sea. Mtu wa Bungoma, ambaye kwao mgeni hajakaribishwa kama hajachinjiwa kuku, ana haki ya kucheka. Hata hivyo ladha hiyo ya upole ndiyo inayomrahisishia mpishi kazi: tuna hukubali viungo vya kila aina.

Hesabu bila upendeleo

Mkebe wa gramu 170 ukichujwa, nyama inayobaki mara nyingi ni karibu gramu 120. Ndani yake mna takriban gramu 25 hadi 30 za protini. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kwa hiyo mkebe mmoja unalingana na mayai matano. Omena mkavu ana protini inayozidi nusu ya uzito wake, hivyo gramu 50 tu za omena zinakaribia mkebe mzima. Isitoshe, omena huliwa na mifupa yake na kumpa mlaji madini ya kalsiamu, ilhali tuna huondolewa mifupa kiwandani.

Kwa hesabu hiyo tupu, tuna anashindwa. Mayai ni nafuu kuliko yeye, omena ni nafuu zaidi, na maharage ni nafuu kuliko wote. Anayekuambia kwamba tuna wa mkebe ndiyo protini ya bei ya chini kabisa Bungoma hajaenda sokoni Chepkube.

Yapo mambo ambayo bei ya rafuni haiyaonyeshi. Omena huhitaji kuchaguliwa mchanga, kuoshwa kwa maji moto mara kadhaa na kukaangwa mpaka akauke. Hayo ni maji, gesi na nusu saa au zaidi. Tuna huhitaji dakika tatu. Nyama ya ng'ombe huhitaji kuchemshwa mpaka ilainike, na gesi ya mtungi mdogo huisha bila kuaga. Hakuna mfupa wa kutupwa wala kichwa cha kukatwa. Na siku ambayo mfuko umekauka, mvua inanyesha na sokoni hakuendeki, mkebe uko palepale ulipouacha.

Kuna faida nyingine ya vyumba vya kushirikiana. Mkatoliki wa Kibabii haruhusiwi nyama Ijumaa za Kwaresima, lakini samaki anaruhusiwa. Mwislamu wa mjini hana shida na samaki. Msabato anayejiepusha na kamongo na mumi kwa kuwa Maandiko yanataka samaki mwenye mapezi na magamba, humla tuna bila wasiwasi. Ni vyakula vichache vya protini vinavyoweza kuwekwa katikati ya marafiki wanne wa dini mbalimbali pasiwe na anayesogeza sahani.

Kwa hiyo tumia tuna kama kitoweo cha kuongeza ladha na nguvu kwenye chakula ambacho tayari kinashibisha. Gawa mkebe mmoja kwa watu wanne, na kwa shilingi 50 na kitu kila mtu anapata samaki wake. Protini iliyobaki itatoka kwenye maharage, karanga na mayai, vitu ambavyo Bungoma na Trans Nzoia havikosi.

Kusoma mkebe

Kabla ya kulipa, geuza mkebe. Kuna uzito wa mkebe mzima na uzito wa samaki baada ya kuchujwa. Gawa bei kwa uzito wa pili. Tuseme mkebe mmoja ni shilingi 240 na una gramu 120 za samaki: umelipa shilingi 2 kwa gramu. Mwingine ni shilingi 210 na una gramu 90: umelipa shilingi 2 na senti 33. Uliodhani ni nafuu ndio ulio ghali.

Kisha angalia umbo la nyama. Kuna minofu mizima, kuna vipande, na kuna samaki aliyechambuka vipande vidogovidogo. Minofu mizima ina bei ya juu na inafaa kwa kachumbari, ambapo macho nayo hula. Kwa katlesi, mchuzi na mayai, aliyechambuka anatosha kabisa, na mara nyingi ni nafuu.

Mwisho ni kuchagua kati ya mafuta na maji ya chumvi. Anayepika kwenye sufuria achukue wa mafuta, kwa kuwa mafuta yale yatakaanga vitunguu na kumwokolea mafuta yake. Anayechanganya kachumbari au anayechunga uzito achukue wa maji ya chumvi, amchuje vizuri. Anayeugua shinikizo la damu apunguze chumvi yote nyingine jikoni, kwani mkebe umeshatiwa ya kutosha. Hakikisha pia kuna alama ya ubora ya KEBS na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kanuni tatu za sufuria

Ya kwanza: tuna huingia mwisho. Ameshaiva. Ukimtia mapema pamoja na vitunguu atakauka, atageuka kama nyuzi za gunia, na chumba kitajaa shombo. Mchuzi uive kabisa kwanza, ndipo atiwe, ageuzwe kwa upole mara mbili tatu, na baada ya dakika tatu moto uzimwe.

Ya pili: chumvi huonjwa kwanza. Usitie chumvi wala kiungo cha pakiti kabla samaki hajaingia kwenye sufuria na mchuzi kuonjwa.

Ya tatu: lazima kuwe na kitu kichachu. Kipande cha limau, kijiko cha siki, nyanya nyingi zilizoiva au maji ya ukwaju hukata shombo na kuamsha ladha. Tuna bila uchachu hupooza mdomoni.

Maharage na tuna

Hili ndilo pishi ambalo kila mpangaji wa Kibabii angepaswa kulijua. Maharage hapa hupandwa kati ya mistari ya mahindi na huvunwa mapema kuliko mahindi yenyewe, kwa hiyo kuanzia katikati ya mwaka masoko ya Chwele, Kimilili na Kitale huwa yamejaa. Waitaliano wamekula maharage, vitunguu na tuna kwa sahani moja kwa miaka mingi, na wao hawana maharage mazuri kuliko ya Trans Nzoia.

Chemsha maharage mengi mara moja kwenye jiko la makaa, Jumapili, ili usimalize gesi. Chota vikombe vitatu vya maharage yaliyoiva bila kupondeka, uyachuje na kuyaacha yapoe. Kata kitunguu kikubwa vipande vyembamba, kioshe kwa maji ya chumvi ili kupunguza ukali, kisha kikamue. Kata nyanya mbili, pilipili hoho moja na dania. Changanya vyote kwenye bakuli, fungua mkebe, mwaga samaki na kijiko kimoja cha mafuta yake, kisha kamulia limau zima. Changanya kwa mkono mwepesi ili vipande vya samaki visivunjike vyote.

Acha dakika kumi, limau liingie kwenye maharage. Kula na viazi vitamu vilivyochemshwa au chapati. Hapa hakuna moto uliowashwa isipokuwa ule wa Jumapili, na watu wanne watashiba. Siku ya baridi, kaanga kitunguu na nyanya, tia maharage na maji kidogo, yakishatokota tia tuna. Hiyo huliwa na ugali.

Saga, karanga na tuna

Mboga chungu za magharibi, saga na managu, hupenda kitu chenye mafuta cha kutuliza uchungu wake. Kina mama wengi hutumia maziwa au krimu, wengine karanga. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, samaki mkavu kupikwa katika mchuzi wa karanga ni jambo la kila siku. Kuunganisha vitu hivi viwili hakuhitaji ujasiri mkubwa.

Chambua mafungu mawili ya saga, chemsha mpaka yalainike, na umwage maji kama hupendi uchungu mwingi. Mwenye munyu musherekha, ule munyu wa kienyeji unaochujwa kutoka kwenye majivu, atie kidogo ili mboga zilainike upesi. Kaanga kitunguu kwa mafuta ya mkebe, tia nyanya mbili zipondeke mpaka ziachane na mafuta. Chukua kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kusagwa, zikoroge kwa maji ya uvuguvugu zisifanye madonge, mimina sufuriani, na ugeuze bila kuacha mwiko kwa sababu karanga hushika chini haraka. Mchuzi ukianza kuwa mzito na kutoa mafuta juu, tia saga, koroga, halafu tia tuna. Dakika tatu. Onja chumvi, kamulia limau nusu.

Ugali wa mtama au wa wimbi uliochanganywa na muhogo ndio mwenzake wa haki, ingawa ule mweupe haukatazwi.

Mchuzi wa haraka wa ugali

Songa ugali kwanza, kwa sababu mchuzi huu hausubiri. Mwaga mafuta ya mkebe kwenye sufuria, kaanga vitunguu viwili mpaka vigeuke rangi, tia punje mbili za kitunguu saumu kilichopondwa, karoti iliyokunwa na nyanya nne. Funika kwa moto mdogo mpaka nyanya ziive kabisa, kwa kuwa nyanya mbichi ndizo zinazoharibu michuzi mingi ya mabachela. Ongeza nusu kikombe cha maji, tokosa, tia tuna, kisha dania. Sukuma wiki iliyokatwa nyembamba na kukaangwa pembeni hukamilisha sahani. Mchuzi huohuo, ukipunguzwa maji, hufaa kwa wali au spageti.

Katlesi za kuuza na za kula

Pwani, katlesi ni kitu cha futari na cha chai ya jioni. Viazi vya miteremko ya Mlima Elgon vimeweka malighafi yake mlangoni petu. Chemsha kilo moja ya viazi, viponde vikiwa vya moto bila kuongeza maji. Kamua tuna aliyechambuka mpaka abaki mkavu, kwani maji yakibaki katlesi zitapasuka kwenye mafuta. Changanya na kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo, pilipili, dania, bizari nyembamba na limau. Finyanga madonge ya kiasi cha yai, yabonyeze kidogo, yachovye kwenye mayai mawili yaliyopigwa, kisha kaanga kwa mafuta yasiyo mengi, upande huu na ule.

Mkebe mmoja na kilo moja ya viazi hutoa katlesi kumi au zaidi. Mwenye kibanda karibu na lango la chuo aifikirie hesabu hiyo. Wateja wanaonunua mayai na smoki kila jioni hawajaapa kula hivyo maisha yao yote.

Rolex ya tuna

Chapati iliyozungushiwa mayai ni chakula cha Uganda kilichovuka mpaka bila pasipoti. Piga mayai mawili, tia kabichi na nyanya zilizokatwa nyembamba na vijiko viwili vya tuna aliyekamuliwa. Mimina kwenye kikaango, laza chapati juu, geuza, kunja. Mkebe mmoja hutosha rolex nne, na mwanafunzi aliyekula moja saa moja asubuhi anaweza kukaa darasani mpaka adhuhuri bila tumbo kumwita.

Tahadhari

Mkebe uliovimba usifunguliwe wala kuonjwa. Kuvimba ni dalili ya vijidudu vinavyotoa gesi ndani, na sumu ya baadhi yavyo huua. Mkebe unaovuja, ulioshika kutu nzito au uliobonyea kwenye mshono uachwe dukani, hata kama umepunguzwa bei.

Ukishafunguliwa, mkebe si ghala tena. Mwenye friji ahamishie samaki kwenye chombo chenye kifuniko na ammalize kwa siku mbili au tatu. Asiye na friji, ambaye ndiye msomaji mkuu wa makala haya, apike mkebe wote na chakula kiliwe siku hiyohiyo. Hii ni sababu nyingine ya kula wanne. Tuna aliyeachwa kwenye joto hutengeneza histamini, ambayo husababisha joto usoni, mwasho, maumivu ya kichwa na kuhara, na kumpika tena hakuiondoi. Ukihisi mwasho wa ghafla mdomoni au ladha kama ya pilipili usiyoitia, acha kula.

Jodari pia hubeba zebaki, kwa kuwa ni samaki mkubwa anayekula samaki wengine. Jodari mdogo aina ya skipjack, ambaye ndiye anayejaza mikebe mingi, ana zebaki kidogo kuliko jodari mweupe. Mamlaka za afya za Marekani huwaruhusu wajawazito na wanaonyonyesha kula tuna wa mkebe wa aina hiyo ndogo mara 2 hadi 3 kwa wiki, na yule mweupe mara moja tu. Kwa anayegawana mkebe na wenzake watatu, kiasi hicho hakifikiwi kwa urahisi.

Kifuniko nacho kina makali. Ukishakifungua, kikunje ndani ya mkebe kabla hujautupa, ili anayezoa taka za ploti asikatwe mkono.

Neno kwa mnunuzi

Omena na maharage wabaki kuwa chakula cha kila siku cha Bungoma na Kitale. Kwa bei na kwa lishe hawana mpinzani rafuni. Tuna apewe nafasi ya akiba: mkebe mmoja au miwili ununuliwe mwanzoni mwa muhula pesa zikiwapo, uwekwe mahali pakavu, na ufunguliwe siku ambayo gesi imebaki kidogo, soko liko mbali na wageni wameshaketi. Siku hiyo usiufungue kwa ajili yako peke yako. Chota maharage yaliyokwisha kuiva, ita watu watatu, na kila mmoja aje na nyanya yake.